Namba Uliyopangwa: Uzoefu Wangu wa Kuhama Raga Moja Kwenda Nyingine

Nimecheza mpira wa miguu Tabora, raga ya Yunioni Arusha, raga ya Ligi kaskazini mwa Uingereza, kisha nikarudi kwenye Yunioni jijini Dar es Salaam hadi magoti yalipokataa. Sikuwahi kulipwa hata senti kwa kucheza, wala sijilinganishi na wachezaji wakubwa nitakaowataja. Hata hivyo, kuhama kwangu kumenipa jambo moja la kusema ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Mchezaji anapohama mchezo, watu hujadili kipaji chake na fedha alizopewa, ilhali kinachoamua kama atafanikiwa ni namba anayopangwa na muda anaopewa kuizoea.

Msomaji ambaye hajaifuatilia raga anaweza kushangaa kusikia kwamba ni michezo miwili. Zamani ulikuwa mmoja. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, viongozi wa klabu za kaskazini mwa Uingereza waliamua kujitenga na chama kilichousimamia mchezo huo nchini kwao. Ugomvi ulihusu ujira. Wachezaji wa kaskazini wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ambao walikatwa mshahara kila walipoacha kazi Jumamosi kwenda kucheza, na klabu zao zilitaka kuwafidia; mabwana wa kusini, ambao hawakuwa na mshahara wa kukatwa, walisema mchezo wa heshima haulipiwi. Nimesimama mbele ya jengo la hoteli hiyo. Liko hatua chache tu kutoka stesheni ya treni, na mimi niliyekulia Tabora, mahali ambapo reli inayotoka Dar es Salaam inagawanyika, njia moja ikaenda Mwanza na nyingine Kigoma, sikuhitaji kuelezwa zaidi namna kitu kimoja kinavyoweza kuwa njia mbili zisizokutana tena.

Waliojitenga walianza kuubadili mchezo ili watazamaji wa kulipa kiingilio wasichoke. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 kila upande, na wakaamua kwamba mtu akishaangushwa na kukamatwa, asimame, auweke mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu, badala ya pande mbili kurundikana juu yake. Mwaka 1966 waliweka kikomo cha kuangushwa mara 4 kabla ya kuwapa wapinzani mpira, na mwaka 1972 wakakiongeza hadi mara 6. Hii ndiyo Ligi. Upande wa pili, yaani Yunioni, ulibaki na wachezaji 15, mirundiko yake na skramu (wachezaji wa mbele wa pande mbili kufungamana kuugombea mpira) zinazosukumana kwelikweli, na uliendelea kukataa malipo hadi Agosti 1995, miaka 100 baada ya ule mkutano wa Huddersfield. Hata alama hazifanani: trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni alama 5 katika Yunioni na alama 4 katika Ligi, na penalti iliyopita katikati ya milingoti ni 3 huku na 2 kule.

Tofauti iliyonigusa mimi zaidi ni ya namba za jezi. Katika Ligi beki wa mwisho huvaa 1, na namba zinaongezeka kadiri unavyoelekea mbele, karibu sawa na mpira wetu wa miguu wa zamani, ambao kipa alikuwa 1 na mshambuliaji wa kati 9. Katika Yunioni mambo yamegeuzwa: beki wa mwisho ni 15, na 1 ni mmoja wa majitu yanayosimama mstari wa mbele wa skramu. Jezi namba 12 ndiyo inayonichekesha kila ninapoifikiria. Kwenye Ligi huvaliwa na mchezaji wa mbele, mtu wa kugongana na kukaba, na kwenye Yunioni huvaliwa na senta wa ndani, anayetakiwa kusoma safu ya ulinzi na kuamua kwa kufumba na kufumbua kama atoe pasi, apige teke au apenye mwenyewe.

Nilipokuwa nasoma Arusha na kuanza raga, nilirudi likizo nyumbani, mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, nikamkuta baba mkubwa, mstaafu wa reli, amekaa chini ya mwembe. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza bila kuzunguka, "Nimesikia umeacha mpira, unacheza huo wa kubeba kwapani. Na huko, mwanangu, wamekupanga namba ngapi?" Nilimjibu kuwa nacheza saba. Alifurahi sana, kwa sababu saba aliyoijua yeye ni winga wa kulia mwenye mbio na krosi. Niliona taabu kumweleza kwamba saba wa Yunioni kazi yake ni kuwa wa kwanza kufika pale mtu anapoangushwa, kuinama juu ya mpira na kuupora kabla mrundiko haujaundwa, na kwamba akitoka uwanjani hana krosi ya kusimulia, ana masikio yaliyovimba tu. Ila swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyojua. Kocha wa Arusha alikuwa ameniuliza lilelile kabla hajanipanga: kwenye mpira wa miguu ulicheza wapi? Nilimwambia beki wa kushoto. Akasema, basi unajua kumsubiri mtu na kumwingia kwa wakati, tutaanzia hapo.

Uingereza sikuulizwa. Nilikwenda kusoma katika jimbo la Yorkshire, nikajiunga na timu moja ya Yunioni, na kocha wake, baada ya kuniangalia mara moja kuanzia juu hadi chini, alinipa jezi namba 14, ya winga. Mwafrika ni mbio, bila shaka ndivyo alivyohesabu. Mimi si mtu wa mbio. Yeyote aliyewahi kunikimbiza kwenye mchanga wa Kitete, kwetu Tabora, atathibitisha hilo. Nilisimama pembeni ya uwanja wiki baada ya wiki, mvua nyembamba ikininyeshea, nikisubiri mpira ambao ulifika mara chache, na ulipofika nilikamatwa na watu wenye kasi kuliko mimi. Baada ya muda jina langu lilihamia benchi, na waliokuwa wananitazama walikuwa na haki ya kusema sifai, kwa sababu kwenye namba ile kweli sikufaa.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa nyumba ya wanafunzi, kijana wa mji ule aliyekulia kwenye Ligi, ambaye jioni moja alinichukua hadi kwenye klabu ya mtaani kwao. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kidogo, kimejaa harufu ya dawa ya kuchua misuli na udongo mbichi uliogandamana kwenye njumu. Kocha, mzee mwenye vidole viwili visivyokunjika, aliniuliza swali la baba mkubwa. Nikamjibu kwamba mpira wa miguu nilicheza beki wa kushoto, na Yunioni nilicheza saba. Akanipa 9, yaani yule anayesimama nyuma ya mwenzake anayeusukuma mpira kwa mguu, anauokota na kuugawa, na timu inapozuia anakaba katikati, mahali ambapo kazi haikatiki.

Hapo ndipo nilipojua kinachomsumbua mtu anayehama. Pumzi nilikuwa nayo, mikono nilikuwa nayo, na kukaba nilikujua. Tatizo lilikuwa zile sekunde chache baada ya mtu kuanguka. Katika Yunioni, ukiangushwa unapaswa kuuachia mpira mara moja, hivyo unaunyoosha upande wa wenzako na kubaki chini, nao wanapita juu yako kuwasukuma wapinzani wasiuguse; na kama wewe ndiye uliyeangusha, unaondoka haraka au unasimama kuupora. Katika Ligi, unaanguka ukiwa umelaliwa na watu wawili au watatu wanaotaka uchelewe kuinuka, refa anatamka kwamba umekamatwa, wanakuachia mmoja mmoja kwa uvivu wa makusudi, mmoja au wawili wanabaki mbele yako, wengine wote wanarudi mita 10, nawe unasimama, unatazama mbele, unausukuma mpira nyuma kwa mguu. Ukishakaba unatakiwa kukimbia kurudi nyuma zile mita 10, kisha kupanda mbele tena, kisha kurudi tena. Mwili wangu wa saba ulitaka kuinama kuupora mpira kila mtu alipoanguka, jambo ambalo kwenye Ligi ni penalti. Akili ilishaelewa sheria kwenye mazoezi ya kwanza. Miguu na mgongo vilichukua msimu karibu mzima.

Nilipohamia Dar es Salaam na kurudi kwenye Yunioni, yale yale yalitokea kinyumenyume. Katika mechi ya mwanzo niliangushwa karibu na mstari wa kati, nikasimama bila kufikiri, nikauweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu kwa ufundi kabisa. Nyuma hakukuwa na mtu. Refa alipuliza filimbi akicheka, kwani nilitakiwa kuuachia mpira tangu nikiwa chini, na wapinzani wakapewa penalti ambayo mchezaji wao wa kupiga hakuikosa.

Kwa hiyo ninapozisoma safari za wachezaji wakubwa, natazama kwanza namba. Chukua fainali ya Kombe la Dunia la Yunioni ya tarehe 22 Novemba 2003 mjini Sydney, ambayo Uingereza iliishinda Australia 20 kwa 17 katika muda wa nyongeza. Walioanza mchezo huo wakiwa wametoka Ligi na kupata majina yao huko ni wanne: Jason Robinson upande wa Uingereza, na Lote Tuqiri, Wendell Sailor na Mat Rogers upande wa Australia. Wote wanne walipangwa ama winga ama beki wa mwisho. Hakuna hata mmoja aliyecheza mbele au katikati. Hiyo si bahati. Pembeni na nyuma ndiko michezo hii miwili inakofanana: unadaka mpira uliopigwa juu, unabaki na mtu mmoja mbele yako, unampita au humpiti. Zile sekunde chache za baada ya kuanguka zinawahusu zaidi watu wa mbele. Tuqiri, mrefu kuliko Robinson kwa mbali, alifunga trai ya kwanza kwa kuruka na kuudaka mpira juu yake, na Robinson akajibu kwa kuteleza na mpira kwenye kona ya kushoto baada ya pasi ya Jonny Wilkinson. Trai zote mbili zilizofungwa siku hiyo kwenye fainali ya Yunioni zilifungwa na watoto wa Ligi.

Robinson aling'ara kwenye klabu ya Ligi ya Wigan, akaonja Yunioni kwa miezi michache akiwa na klabu ya Bath mwaka 1996, kisha akahamia moja kwa moja klabu ya Yunioni ya Sale mwaka 2000. Uingereza ilimwingiza kwanza akitokea benchi mwaka 2001. Hakutakiwa kuwa mtu mwingine. Alikuja na chenga zake za miguu, ambazo mabeki wa Yunioni hawakuwa wamezizoea, naye akawekwa pale ambapo chenga zina nafasi. Mwaka 2004 alikuwa nahodha wa nchi yake, na mwaka 2007 alicheza fainali nyingine ya Kombe la Dunia, safari hii akiwa beki wa mwisho.

Sam Burgess alikutana na mambo tofauti. Oktoba 2014 aliisaidia South Sydney kutwaa ubingwa wa Ligi nchini Australia, akicheza fainali karibu yote na mfupa wa shavu uliovunjika mwanzoni kabisa mwa mechi, na siku hiyo alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa uwanja. Baada ya hapo alihamia Bath. Klabu yake ilimjaribu katikati, halafu ikamhamishia namba 6, mbele, mahali palipomfaa zaidi mtu wa kugongana. Timu ya taifa ikamtaka kuwa 12. Tarehe 26 Septemba 2015 alianza akiwa na namba hiyo dhidi ya Wales, hata mwaka mmoja tangu aingie Yunioni haujatimia. Alitolewa Uingereza ikiwa mbele, mechi ikamalizika Wales ikishinda 28 kwa 25, na Uingereza ikatolewa katika hatua ya makundi kwenye mashindano iliyoyaandaa yenyewe. Lawama nyingi zilimwangukia yeye. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi South Sydney. Mimi nilimtetea mbele ya kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, na hapa Tabora hao si wengi, kwa sababu siwezi kumlaumu mtu aliyepewa namba hii na klabu yake Jumamosi na nyingine timu ya taifa ilipomwita.

Mtu akiniambia kwamba mchezaji wa mbele wa Ligi hawezi kuwa 12 wa Yunioni, nitamtajia Sonny Bill Williams, aliyefanya hivyohivyo na kutwaa Kombe la Dunia mara mbili na New Zealand, 2011 na 2015. Naye alikuwa mchezaji wa mbele, bingwa wa Ligi ya Australia mwaka 2004 na Bulldogs. Ila aliondoka huko mwaka 2008, akakaa Toulon nchini Ufaransa hadi 2010 akijifunza namba hiyo mbali na kelele za nyumbani, na hata mwaka 2011 New Zealand ilimtumia zaidi akitokea benchi. Namba ni ileile. Kilichotofautiana ni miaka.

Wa zamani kuliko hao, ninayempenda zaidi, ni Jonathan Davies wa Wales, ambaye alikuwa 10 wa taifa lake, mpangaji wa kila kitu, kabla hajasaini klabu ya Ligi ya Widnes mwanzoni mwa 1989. Wakati huo kwenda Ligi kulikuwa kufungiwa mlango, kwa sababu Yunioni haikumpokea tena aliyelipwa. Wengi walisema ni mdogo mno wa umbo na atavunjwa. Widnes hawakumtupa katikati ya majitu. Walimtumia zaidi kwenye safu ya nyuma, ambako mbio zake na mguu wake wa kupiga mipira ya alama vilikuwa na kazi, huku akijenga mwili. Mwaka 1994 alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa Ligi ya Uingereza, na mwaka huohuo, akiwa beki wa mwisho wa timu ya Great Britain, alifunga trai uwanjani Wembley iliyosaidia kuishinda Australia 8 kwa 4. Mlango wa Yunioni ulipofunguliwa mwaka 1995 alirudi Cardiff na kuivalia Wales tena, kasi ikiwa imepungua.

Siku hizi nafundisha sekondari hapa Tabora. Hatuna timu ya raga na sioni dalili ya kuipata karibuni, ingawa kipindi cha michezo huwa nawapa vijana mchezo wa kugusana badala ya kuangushana, maana ardhi yetu wakati wa kiangazi haina huruma. Kinachonikuta kila mwaka, tunapojiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ni wanafunzi wanaohamishwa kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine kwa sababu timu fulani imepungukiwa. Mwaka huu ni binti wa kidato cha tatu, mlinzi hodari wa netiboli, aliyepelekwa mpira wa mikono. Ana urefu, anasoma pasi kabla haijatoka, na ana kitu kimoja kinachomtesa: akidaka mpira, anasimama papo hapo kama aliyegongomewa, kwa kuwa netiboli imemfundisha tangu darasa la tano kwamba kutembea na mpira ni kosa. Mpira wa mikono unamruhusu hatua 3, na hata kuudundisha. Wenzake wanampita, naye anabaki ameshika mpira kifuani akitafuta wa kumpa.

Mwalimu mwenzangu amependekeza awekwe golini, kwa sababu ana mikono mirefu na hapo hatua hazitamsumbua. Nilimwambia, "Mwalimu, golini tutamficha tu. Mpange safu ya ulinzi katikati, akabe kama alivyokuwa anakaba, na timu ikipata mpira atoke mtu mwingine aingie, hadi miguu yake ikubali zile hatua tatu." Mwenzangu alijibu kwamba mashindano ya wilaya hayatasubiri miguu ya mtu. Ana hoja. Tumekubaliana kwamba mechi ya kirafiki ya Jumamosi acheze kipindi cha kwanza kwenye ulinzi na cha pili golini, na binti mwenyewe, alipoulizwa, amesema angependa kuanza na ulinzi.